Posa Niliyoipeleka Mimi

Amu, Mkomani
Jumatatu, 11 Desemba 2023

Mwanangu Adnan,

Assalamu alaykum. Nakuandikia nikiwa mzima, na nyumba nzima ni wazima, isipokuwa mamako, Bi Hindu, ambaye presha yake hupanda kila akisikia harusi ya mtoto wa mtu. Babako hajambo. Asubuhi madrasa, jioni barzani, na katikati ni kunigombeza mimi, kana kwamba sikuzaliwa kabla yake. Binti yangu Raiyan amejifungua salama, mtoto wa kike, ana sauti ya muadhini.

Utaniuliza, shangazi, simu zimekufa huko hata waandika barua? Hazikufa. Wakumbuka ile sauti niliyomtumia wifi yangu wa Mombasa, ya yule jirani na mumewe? Kabla sijakausha mikono imeshafika Jedda, na jioni jirani mwenyewe akaja mlangoni kwangu kuisikiliza. Basi, nimekoma. La siri naliandika, nampa mwenye boti ya Mokowe, yeye hulipeleka kwenye vifurushi vya basi, nawe hulipokea huko Eldoret limefungwa kwa gundi. Nijibu kwa ndia hiyo hiyo.

Sasa lililonikalisha. Mamako amekupatia mchumba. Ni Hayat wa Bwana Madi, yule mtu wa Chundwa tuliyepakana naye ukuta miaka ile. Mamake, marehemu Rumaisa, alimwacha mchanga wa wiki tatu, babake akamlea na bibi yake mpaka akawa mtu. Sasa ana ishirini na mbili, anafundisha watoto wa chekechea, mcheshi, hana makuu.

Najua utakalosema. Yale uliyonambia darini mwaka juzi, siku ya tatu ya Idi, sikuyasahau. Niliyasikia mara moja, nikayafukia, na sitayafukua kwa kalamu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi peke yangu. Lakini una miaka thelathini na moja, Adnan, na watu wana midomo. Mwezi uliopita, baada ya Ijumaa, wanaume waliandamana kupinga mambo yale, kutoka msikitini mpaka forodhani. Babako alikuwa mbele ameshika bango. Shuka la bango limetoka kwenye sanduku langu. Aliniomba shuka jeupe nikampa, sikuuliza la nini. Nilipoliona linapita limeandikwa kwa rangi nyekundu nilifunga dirisha, nikasema kichwa chaniuma, nikalala mpaka magharibi.

Ndoa ni stara. Mimi ni somo, nusu ya wake wa mtaa huu nimewafunda na kuwaingiza ndani mimi, na nimeona wanaume waliokuja kwa kusukumwa wakatulia. Niandikie neno moja tu, nimekubali, nami nitashughulika na yaliyobaki.

Shangazi yako mwenye kukuombea,
Mwanamkisi


Eldoret
2 Januari 2024

Shangazi yangu,

Wa alaykum salaam. Naubusu mkono wako nikiwa mbali. Mwambie Raiyan hongera, na huyo muadhini wake asimkeshe usiku kucha. Mama nimemsikia kwenye simu, anasema anakunywa dawa; mtazame, huwa anaruka siku. Huku ni baridi. Asubuhi vidole havishiki hata sindano ya kutolea damu, na wagonjwa wanadhani natetemeka kwa woga. Kikohozi kimenishika tangu Krismasi. Si cha hatari, nimejipima mwenyewe, hiyo ndiyo faida ya kufanya kazi maabara. Sijamwambia mtu wa nyumbani, usije ukamtia mama wasiwasi.

Hayat simjui kwa ubaya hata mmoja. Ndiyo maana siwezi.

Unasema hutaki kuyafukua. Sawa, nitayafukua mimi, maana usipoyaona utanipeleka pabaya na kunipeleka na mtoto wa watu. Shangazi, nilifanya yote. Nilisomewa. Nilikunywa makombe mpaka nikawa naijua ladha ya zafarani ya kila mwalimu. Nilifunga Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima. Nilipokwenda umra ya wanafunzi nilishika pazia la Al Kaaba nikalia mpaka askari akanibandua. Nilirudi vile vile. Hapa naswali safu ya mwisho, karibu na viatu. Hakuna aliyenifukuza, hakuna hata anayenijua. Najifukuza mwenyewe.

Na siishi peke yangu. Kariuki ni mwalimu wa sekondari, mtu mpole, ndiye anayenichemshia maji ya kifua usiku. Siandiki zaidi. Najua hapa utakunja karatasi.

Usiniposee mtu. Naandika tena, usije ukasema kalamu ilififia: usiniposee mtu. Mwambie mama sitaki kuoa, lawama nitaibeba mimi.

Hilo bango ningependa kujua liliandikwa nini. Halafu sitaki kujua.

Mwanao,
Adnan


Amu
Jumapili, 4 Februari 2024

Mwanangu Adnan,

Assalamu alaykum. Sisi hatujambo. Mtoto wa Raiyan tumemfanyia akika, mbuzi akatukimbiza mpaka kwa watu, babako akapoteza kiatu kimoja na heshima yote. Watu wamecheka mpaka leo.

Barua yako haijanifika. Nimemtuma mtu Mokowe mara tatu, amerudi mikono mitupu. Tukangoja, tukangoja, mamako akasema kimya ni ridhaa, na sharia nayo yasema hivyo hivyo. Basi Alhamisi tumepeleka posa. Nimekwenda mimi na mamako na wazee wawili wa kike. Bwana Madi ametupokea kwa halua na kahawa, akalia kidogo kwa kumkumbuka marehemu mkewe, kisha akakubali.

Wakauliza la ziwa, kama desturi, maana walionyonya kwa mama mmoja ni ndugu, hawaoani. Wajua watu wote wakumbuka kwamba ulinyonya kwangu miezi minne mamako alipolazwa na homa ya matumbo, na Hayat naye kakulia mlango wa pili wakati mimi namnyonyesha Raiyan. Kwa hiyo lilikuwa swali la haki. Nikasema mbele yao wote, hakuna ziwa baina yao, Hayat sikumnyonyesha. Likaisha.

Tena nimeombwa niwe somo wake. Shangazi wa bwana harusi na somo wa bibi harusi, kwa mara moja! Nikacheka, nikakubali, ningesemaje?

Mamako analala usingizi sasa. Hilo tu nalo si dogo.

Kikohozi je, kimekuacha? Chemsha tangawizi na karafuu, utie asali, usinywe maji ya baridi.

Mwanamkisi


Eldoret
18 Februari 2024

Shangazi yangu,

Salamu zimefika. Kwa mbuzi nimecheka, nakiri.

Umeniuliza kikohozi kimeniacha. Kimeniacha. Lakini kikohozi hicho sikukitaja kwa mama, sikukitaja kwa baba, sikukitaja popote ila kwenye barua ile isiyokufika. Njia ya mwongo fupi. Wewe ndiye uliyenifundisha methali hiyo, na ukanipiga kofi juu yake.

Na hilo la kimya ni ridhaa, sharia imemsemea bikira anayeulizwa na babake. Mimi si bikira, sikuulizwa, wala sikunyamaza.

Nilipomaliza kusoma nilikuwa na hasira ya kurasa kumi. Jioni hiyo hiyo mama akapiga simu. Alipiga vigelegele, shangazi. Mama yangu, ambaye hata kwenye harusi za watu hufunika mdomo kwa buibui! Akaniambia amewaagiza watu leso, amemwota marehemu bibi amevaa nyeupe. Akasema, "Adnan, sasa hata nikifa nimekufa." Nikafungua mdomo nimwambie. Kilichotoka ni inshallah. Nikalisema mara mbili. Jina la Mwenyezi Mungu nimelifanya pazia la kujifichia.

Kwa hivyo sina uso wa kukulaumu. Ulidanganya, nami nikakufuata nyuma kama mtoto. Kariuki alikuwa jikoni, na Kiswahili anakijua. Tangu siku hiyo analala sebuleni.

Wewe ni somo wa Hayat. Wewe ndiye unayesikilizwa katika nyumba zote mbili. Sema nao kabla ya Ramadhani. Sema lolote: mimi mgonjwa, mimi nina mke huku, mimi mlevi. Mimi mwenyewe siwezi. Mtu wa miaka thelathini na moja anaandika hivi kwa shangazi yake, naona haya hata kwa karatasi. Lakini siwezi.

Adnan


Amu
Jumatano, 20 Machi 2024, sawa na 9 Ramadhani

Adnan,

Assalamu alaykum. Swaumu yatupeleka vizuri. Mamako anafunga, nimemkataza, hasikii.

Ndiyo. Ilinifika. Niliisoma kwanza nimesimama, kisha nimekaa, kisha nikaitia sandukuni chini ya sanda yangu niliyoletewa kutoka Makka, nikamwendea mamako nikamwambia, "Adnan amekubali." Nimefunga, sitaongeza uongo juu ya uongo. Nilidhani nakuokoa. Tena nilidhani najiokoa mimi, maana ukivuliwa nguo wewe tumevuliwa sote.

Wasema nikasema nao. Nikisema mgonjwa, wataniuliza mgonjwa wa nini, na jibu watalitunga wenyewe. Nikisema una mke huko, babako atapanda basi kesho akamtazame. Kila mlango niugusao una mtu nyuma yake.

Hayat huja kila siku baada ya alasiri. Nampaka liwa, namfunda. Aniigiza watoto wake wa chekechea mpaka nasahau njaa. Juzi akaniuliza, "Somo, huyu Adnan ni mtu wa kucheka?"

Nikamwambia, "Hucheka, tena hucheka kabla hajamaliza kusema."

"Sasa mbona hajanipigia simu hata siku moja?"

"Ana haya."

"Haya za bwana harusi, au haya za mtu aliyelazimishwa?"

Nikamwambia ageuze mgongo nimpake. Akageuza. Nikampaka mgongo huo huo mpaka akasema, somo, utanichubua. Wari wote niliowafunda, Adnan, sijawahi kumficha hata mmoja jambo la mume nililolijua. Mlevi niliwaambia, mpigaji niliwaambia, wakachagua wenyewe. Huyu namfunza namna ya kumpendeza mtu ambaye najua hatapendezwa, na ananishukuru kila akiondoka. Hana mama. Hana mwengine wa kumuuliza.

Sasa lililobaki. Umemwambia babako hupati likizo mpaka Agosti. Yeye amesema nikahi haingoji likizo. Ijumaa tarehe tatu Mei, katika Mfungo Mosi, Sheikh Wazir ataifungisha, babako awe wakili wako, na nyumbani utaingia utakapokuja. Anataka waraka wa uwakala wenye saini yako na mashahidi wawili Waislamu. Ameniagiza nikuandikie. Nimeandika. Nusu yangu yaomba uutume, nusu yaomba upotelee ndiani.

Mwanamkisi


Eldoret
13 Aprili 2024

Shangazi,

Idi njema, na Mungu atukubalie.

Waraka huu hapa ndani. Mashahidi ni wazee wawili wa msikitini, wameweka saini baada ya Ijumaa, wakaniombea dua ya watoto wema, na mmoja akanipa tende. Nimeitikia amina. Sijui nimekuwa mtu gani.

Baba anapiga simu kila siku, namwambia uko njiani. Sikumtumia yeye. Nimekutumia wewe. Ukimpa, mimi ni mume wa Hayat kuanzia siku hiyo, na nitajaribu kuwa mtu mwema kwake, na nitashindwa, na atajua. Usipompa, sijui utasema nini, na sijui watakufanya nini.

Huu si uungwana. Jambo langu nimelitia mkononi mwako nikakaa mbali kilomita elfu. Nalijua hilo, na bado natia gundi.

Kariuki amehama Jumatatu.

Adnan


Amu
Jumapili, 12 Mei 2024

Mwanangu Adnan,

Assalamu alaykum. Mvua hii hata wazee hawakumbuki mfano wake. Mto Tana umevunja barabara huko Gamba, mabasi yamekwama, unga umepanda, na barua yako imekaa Malindi siku nyingi ndani ya gunia. Imenifika Jumatano, tarehe moja, kwa boti iliyozunguka baharini. Siku mbili kabla ya nikahi. Babako alikuwa amekwisha kuuliza kama uwakala wa simu unatosha.

Nimeisoma. Usiku ule sikupata hata lepe la usingizi. Nilikuwa na hasira nawe, nikuambie kweli. Nilikutukana kwa sauti, peke yangu, hadi paka akatoka. Kisha nikaona kwamba posa nilipeleka mimi, uongo nilianza mimi, na mgongo wa yule msichana nimeupaka kwa mikono hii.

Alhamisi alasiri nikaenda kwa Bwana Madi. Ndani wanawake wanatunga vikuba vya asumini, Hayat amekaa katikati ana hina mpaka kwenye viwiko, mamako kando yake anaimba. Sebuleni wanaume: Bwana Madi, babako, na Sheikh Wazir ana daftari lake anaandika majina. Nikasimama kwenye kizingiti. Nikasema, "Sheikh, nikahi hii haifai."

Babako akasema, "Mwanamkisi, rudi ndani."

Nikasema, "Haifai. Wamenyonya ziwa moja. Adnan nilimnyonyesha, wote mwajua. Na Hayat nilimnyonyesha, wiki zile mamake alipokuwa hospitali bara."

Nyimbo za ndani zikakatika. Babako akainuka. "Mwezi wa pili si uliulizwa? Si ulisema hakuna?"

"Nilisahau."

"Ulisahau! Mtu husahau aliyemnyonyesha? Ulikuwa ukinyonyesha kuku?"

Bwana Madi alikuwa akinitazama. Yeye siku zile alikuwa hospitalini na mkewe, na bibi aliyebaki na mtoto amekwisha kufa. Hakuna wa kunipinga. Hilo nililijua, na ndilo nililolitumia.

Sheikh Wazir akaniuliza mara ngapi. Nikasema nyingi, zaidi ya tano, mtoto akishiba. Akaniuliza kama naweza kuapa. Akaniletea msahafu. Nikatia udhu, nikaweka mkono, nikaapa.

Akawasimulia ile hadithi ya mtu aliyekwisha kuoa, akaja mwanamke akasema amewanyonyesha wote wawili, na Mtume akamwambia, vipi tena, na limekwisha kusemwa? Mtu yule akamwacha mke. Akafunga daftari. Bwana Madi akasema, "Alhamdulillahi, lingetufika kesho lingekuwa zaidi."

Babako hajanisemesha tangu siku ile. Mamako alianguka, akapelekwa hospitali, sasa yuko nyumbani. Hanitaki mlangoni. Asema nimemfanya kituko, na kweli nimemfanya. Wari wawili niliokuwa nao wamepelekwa kwa somo mwengine. Nani atampa mwanawe mwanamke asahauye ziwa lake? Nikipita Langoni wanawake wanisalimia vizuri sana, kwa sauti ya kuzungumza na mgonjwa.

Waraka wako niliutia kwenye chetezo, juu ya makaa, nikakaa hapo mpaka ukawa jivu.

Sasa nisikilize. Sitakudanganya ili nikufurahishe. Niliyoyaamini ndiyo niyaaminiyo, na jambo lako siwezi kulihalalisha, dini si mali yangu. Lakini na mimi sasa nimeapa uongo juu ya msahafu, na wanazuoni wasema kiapo kile humzamisha mwenye kukiapa. Nimefunga siku tatu, na nasikia hata kufunga hakutoshi. Kwa hiyo sina pa kusimama nikutazame kwa juu. Ukija, utakuja kwangu. Chumba cha juu ni chako. Usije karibuni.

Huyo mwenzako, kama amerudi, sijui nimwite nani. Mwambie mtu fulani wa Amu ameuliza.

Mwanamkisi


Eldoret
30 Mei 2024

Shangazi yangu,

Nilisoma barua yako kwenye kaunta ya vifurushi, nimesimama, watu wananisukuma. Sikuweza kutoka pale. Mlinzi akaniuliza kama nimefiwa.

Nilikuachia wewe uzame. Hakuna jina jingine la nililofanya. Nilitaka kupanda basi siku hiyo nije niseme kweli mbele yao wote, wakurudishie heshima yako. Nilifika mpaka stendi. Nikarudi. Nilijiambia ni kwa sababu umenikataza.

Jambo moja nimelifanya. Nimempigia mama nikamwambia asinitafutie tena mke, si mwaka huu wala mwaka wowote. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, "Mama, wajua." Akakata simu. Siku tatu hakushika. Ya nne akapiga mwenyewe kuniuliza dawa ya presha inywewe kabla ya chakula au baada. Nikamwambia baada. Akasema haya.

Kariuki alikuja kuchukua vitabu vyake. Nikamsomea barua yako yote. Hakuvichukua.

Hayat anaendeleaje? Nina haki ya kuuliza?

Adnan


Amu
Jumapili, 7 Julai 2024

Mwanangu Adnan,

Wa alaykum salaam. Mtoto wa Raiyan ameota meno mawili na amemng'ata kila mtu. Babako juzi alipita chini ya dirisha langu, akakohoa. Kwa babako hiyo ni hotuba. Mamako bado, lakini aliniletea mkate wa mofa kwa mkono wa mtoto wa jirani, akamwambia aseme hajui umetoka wapi.

Umeuliza juu ya Hayat. Nilikuwa sitaki kukuandikia, maana nikiandika nitalazimika kulisoma.

Hayat hakukasirika hata kidogo. Nilingoja anitemee mate. Alikuja Jumamosi ya wiki ile ile, hina bado nyekundu mikononi, akaketi chini karibu na miguu yangu, akasema, "Kumbe mimi nina mama." Tangu hapo huja kila siku akitoka shule. Anifagilia, anisuka, anisomea dawa zangu. Raiyan amwita dada. Wewe akuita "kaka yetu wa Eldoret," na amenambia nikusalimie, asema sasa hakuna haya, waweza kupiga simu. Ukitaka nitakupa nambari. Barabarani wanawake wakinitazama vile, yeye hunishika mkono akasema kwa sauti wasikie, "Njoo, mama." Amefiwa na mamake kabla hajamjua sura, na sasa, kwa ulimi wangu, amempata mwengine aliye hai.

Yana jioni aliniwekea mto, akanivua viatu, akaniuliza, "Mama, nilikuwa nikinyonya vizuri?"

Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia, "Ulikuwa na pupa. Ulikuwa hutaki kuniachia." Akacheka mpaka akafuta macho.

Sasa nikuambie wewe, maana hakuna mwengine. Wiki zile, mamake yuko hospitali, bibi yake alikuja kunigongea na mtoto mkononi. Maziwa ya kopo yalikuwa yamemwishia. Mtoto alikuwa analia sauti ya kukauka. Watu walisema ugonjwa wa Rumaisa ni wa kuambukiza, nami nilikuwa na Raiyan mchanga. Nilikuwa na maziwa ya kumwaga, kanga yangu imelowa. Bibi aligonga, akaniita kwa jina langu, akaniita kwa jina la babangu. Nilikaa nyuma ya mlango nikamsikia mpaka akaondoka. Sikufungua.

Shangazi yako,
Mwanamkisi